Boneti Haifungwi kwa Mabavu

Tulipokuwa Mbinga mwezi wa Julai, katika ziara ya siku nane iliyotufikisha hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, tuliona kwa macho yetu jinsi gari la umma linavyoweza kuharibiwa bila ya kugongana na kitu chochote. Halikupinduka, wala halikutumbukia korongoni. Lilikuwa limeegeshwa kivulini, injini imezimwa, na watu watatu wazima, nasi tukiwa miongoni mwao, walikuwa wakiikandamiza boneti kwa viganja vya mikono ili ifunge. Boneti ilikataa. Tukaongeza nguvu. Ikasikika sauti kama ya debe linalokanyagwa, na papo hapo bati likaingia mkunjo mrefu karibu na bawaba, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Boneti ikafunga, lakini haikuwa tena boneti ile.

Wako wasomaji watakaosema kwamba safu hii, iliyozoea kuzungumzia karafuu, maji na madawati ya shule, sasa imeishiwa maneno hata ikaja kuandika habari za boneti. Tunawaomba wastahamili kidogo. Gari la umma ni amana, na amana hupotea kwa njia nyingi. Wizi na ajali huandikwa magazetini. Lakini uharibifu mdogo unaofanywa kila siku, kwa mikono yetu wenyewe, na mara nyingine kwa nia njema kabisa, hauandikwi popote illa katika hati za malipo ya gereji, ambazo mwananchi hazioni.

Gari na upepo

Gari tulilolipanda lilikuwa Land Cruiser ya kazi, ya aina ile ambayo ndugu zetu wa Bara huiita mkonga kwa ajili ya mrija wake wa kuvutia hewa uliosimama pembeni ya kioo cha mbele. Ni mali ya ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja kwa kuwa hatukukusudia kumwaibisha mtu. Gari la aina hiyo hutoka kiwandani likiwa na fimbo moja tu ya chuma ya kusimamishia boneti. Dereva huinua boneti kwa mkono mmoja, huichomeka fimbo kwenye tundu lake kwa mkono wa pili, hufanya kazi yake, kisha huishusha. Halina mambo mengi.

Lakini gari lile lilikuwa limeongezewa shokapu mbili za boneti, yaani vile vijiti vya chuma vyenye hewa iliyoshindiliwa ndani, ambavyo katika magari ya kifahari, yale mashangingi, huinua boneti polepole na kuishikilia juu bila ya fimbo. Tulimwuliza dereva sababu. Akatueleza kwa adabu kwamba mwaka uliotangulia, alipokuwa ameegesha ufukweni Mbamba Bay akitazama maji ya rejeta, upepo wa mwera uliinua boneti, fimbo ikachomoka, na bati likamwangukia begani. Watu wa mwambao wa Nyasa wanaujua mwera kama sisi wa visiwani tunavyoujua kusi: ukivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mwenye mtumbwi huutazama ziwa kwa mbali. Basi dereva akaomba shokapu, na ofisi ikamkubalia. Zikanunuliwa mbili zilizokwisha kutumika, kila moja kutoka gari lake, zikafungwa siku hiyo hiyo kwa boliti na vipande vya bati.

Nia ilikuwa njema. Mtu ameumia begani, na wakubwa wake wamemsikiliza. Kilichokosekana ni kupima.

Mteremko wa Mbamba Bay

Tulipokwisha kuifunga boneti kwa nguvu tulijiona tumeshinda. Tukaianza safari ya kilomita 66 za lami kutoka Mbinga kuteremkia ziwani. Msomaji asiyeijua nchi ile afahamu kwamba mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini sana, kiasi cha mita 470 tu. Baina yake ni milima ya Wamatengo, yenye mashamba ya kahawa na makorongo. Barabara ile inapinda na kuteremka, inapinda na kuteremka, na kila penye kona dereva anahitaji macho yake yote mawili.

Penye mteremko mmoja, gari likiwa katika mwendo, boneti iliruka juu kiasi cha vidole vinne, ikazuiwa na ndoano ya pili ya loki, ile ndogo ambayo wengi wetu huiona usumbufu tunapoitafuta kwa vidole. Dereva akapunguza mwendo bila ya kubabaika, akaegesha pembeni. Lau ndoano ile nayo ingeshindwa, bati lote lingelala juu ya kioo, na dereva asingeiona njia wala korongo. Hatukusema neno kwa muda. Kisha tukaifunga boneti kwa kamba ya katani, tukageuza, tukarudi Mbinga kwa mwendo wa mtu anayesindikiza maiti.

Huko ufukweni alikuwako mama mjamzito ambaye gari hilo lilikuwa limeahidiwa kumpandisha hospitalini Mbinga. Alingoja hadi jioni. Mwishowe alipandishwa kwa gari la samaki, amekaa kwenye mkeka baina ya matenga. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba yeye na mwanawe walisalimika. Lakini shukrani hiyo haitufutii lawama, maana mikono iliyoikandamiza boneti ile ilikuwa na mikono yetu ndani yake.

Fundi anayeuliza kwanza

Mbinga tulipelekwa kwa fundi mmoja kijana, mwenye gereji ndogo jirani na ghala la kahawa. Alituamkia, akalizunguka gari mara moja, akapitisha kidole juu ya mkunjo.

“Wazee wangu, nani aliyeisukuma hii?”

Tulinyamaza kidogo, kisha tukajibu: “Ni sisi, mwanangu.”

“Basi msiisukume tena. Boneti ikikataa ina neno. Tuisikilize kwanza.”

Kisha akamgeukia dereva na kumwuliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: je, ilikuwa ikikataa wakati wote, au kuna saa inakubali? Dereva akajibu mara moja kwamba asubuhi hufunga kwa taabu kidogo, lakini mchana, baada ya safari ndefu, haitaki kabisa. Fundi akatikisa kichwa kama tabibu aliyesikia alichokitarajia.

Ili msomaji afahamu kwa nini, hatuna budi kueleza kilichomo ndani ya shokapu. Ni silinda iliyozibwa, yenye hewa ya naitrojeni iliyoshindiliwa mno pamoja na oili kidogo. Ndani yake mna pistoni yenye vitundu vidogo, na kutoka kwake hutokeza fimbo nyembamba iliyong'arishwa, inayopita katika sili ya mpira. Tairi la gari dogo hujazwa hewa kwa mgandamizo ulio mara mbili au tatu ya hewa tunayoivuta. Ndani ya shokapu mgandamizo waweza kupindukia mara 100. Hewa hiyo daima hutaka kuisukuma fimbo nje. Kazi ya pistoni na oili ni kuufanya msukumo huo uwe wa taratibu, ili boneti isiruke ghafla.

Hewa iliyofungwa ikipashwa moto huongeza nguvu. Asubuhi ya Julai katika milima ya Mbinga ni ya baridi. Tuseme nyuzi 15. Chini ya boneti ya gari lililotoka Songea, safari ya kilomita 100 hivi, joto laweza kufika nyuzi 75. Kwa tofauti hiyo peke yake, nguvu ya shokapu huongezeka kwa sehemu moja ya tano hivi. Kwa hiyo shokapu iliyokuwa imezidi kidogo asubuhi huwa imezidi sana mchana. Baridi nayo ina taabu yake: oili huwa nzito, shokapu husogea polepole, na mwenye haraka akiilazimisha hulipinda bati kabla fimbo haijaingia. Hivyo jibu la dereva lilikuwa limekwisha kuonyesha njia.

Mizani ya kahawa

Fundi aliisimamisha boneti kwa gogo imara, kisha akazifungua shokapu zote mbili kwa kuvinyanyua vibanio vyake vidogo kwa ncha ya bisibisi. Akamtaka msaidizi wake ashike upande wa pili, wakaondoa gogo, wakaiinua na kuishusha boneti mara tatu. Ilikwenda kwa wepesi, ikiguna kidogo upande wa kushoto. “Bawaba nzima,” akasema, “ya kushoto imeanza kupinda tu.” Kwa jambo hilo moja alikuwa amekwisha kutenganisha mashaka mawili. Lau boneti ingekuwa nzito hata bila ya shokapu, kosa lingekuwa la bawaba zilizoshika kutu na vumbi, na kubadilisha shokapu kungekuwa ni kutupa fedha.

Kisha akazisoma shokapu zenyewe. Juu ya silinda huandikwa nguvu yake kwa kipimo cha nyutoni, kwa herufi N, na kila nyutoni kumi ni sawa na uzito wa kilo moja hivi. Moja ilikuwa imeandikwa 350, ya pili 600. Hatukuamini. Akatuchukua hadi ghala la jirani, akaomba mizani inayopimia magunia ya kahawa, akaisimamisha shokapu ya kwanza juu yake na kuikandamiza kwa kipande cha ubao. Mshale ulipofika kilo 34 fimbo ilianza kuingia. Akaiweka ya pili. Mshale ukapita 40, ukapita 50, na haikusogea mpaka ulipokaribia 60. Wapimaji wa kahawa walikuwa wamesimama wakitazama, na mmoja akasema kwamba hata gunia lililolowa halidanganyi hivyo.

Basi boneti ile ilikuwa imebebwa na wapagazi wawili, mmoja dhaifu na mmoja pandikizi la mtu. Upande mmoja ulisukumwa juu karibu mara mbili ya upande wa pili, na bati likapindika kama nguo inayokamuliwa. Sisi, kwa kukandamiza mbele katikati, tulikuwa tukiipinda juu ya shokapu kama mtu avunjavyo ukuni juu ya goti. Shokapu hukaa karibu na bawaba, mkono hukandamiza mbali nayo, na bati lililo katikati ndilo linalolipa. Katika magari yaliyoundwa kwa shokapu, mahali hapo pametiwa uti wa ziada kwa ndani. Katika gari lililoundwa kwa fimbo, uti huo haupo.

Alituonyesha na jambo la mwisho. Kishikizo cha upande wenye nguvu kilikuwa kimelegea boliti kwa mtikisiko wa njia, kikazunguka. Shokapu iliyowekwa sawasawa hulala kadiri boneti inavyoshuka, na msukumo wake huelekea kwenye bawaba, hivyo boneti ikifika chini haisukumwi tena kwa nguvu. Kishikizo kikihama, shokapu huendelea kusukuma juu hata boneti ikiwa imefungwa, usiku na mchana, na loki peke yake ndiyo inayopigana nayo. Hiyo ndiyo iliyotutisha mteremkoni.

Utaratibu wa kufuata

Kwa manufaa ya madereva wa Bara na wa visiwani, tunauandika hapa utaratibu alioufuata fundi yule, pamoja na tuliyoyathibitisha kwa mafundi wengine baadaye.

Kwanza, boneti ikikataa, ondoa mikono. Iache injini ipoe, kisha jaribu tena kwa upole, mikono miwili ikiwa mbali mbali, karibu na pembe za mbele. Ikikataa tena, usiongeze nguvu.

Pili, egemeza boneti kwa gogo au fimbo imara, uwe na mwenzako, kisha fungua shokapu zote mbili. Usifungue moja ukaiacha ya pili ifanye kazi peke yake, kwani hapo ndipo bati hupinduka.

Tatu, iendeshe boneti kwa mkono bila ya shokapu. Ikiwa nzito, safisha bawaba, zitie oili, uzitazame kama zimepinda. Ikiwa nyepesi, kosa liko kwenye shokapu au vishikizo vyake.

Nne, itazame fimbo ya shokapu. Kutu, mikwaruzo, matone ya rangi na kupinda, vyote huikata sili na kuifanya fimbo ikwame. Ikiwa inatoka oili, imekwisha. Fimbo hiyo hufutwa kwa kitambaa safi, haipakwi grisi, maana grisi hushika vumbi na vumbi hugeuka msasa.

Tano, soma namba za pande zote mbili, na upime urefu. Shokapu iliyobonyezwa hadi mwisho lazima iwe fupi kuliko nafasi iliyopo boneti ikiwa imefungwa. Ikizidi hata kwa unene wa kidole, boneti itavunjikia juu yake. Na ikizidi urefu inapofunguka, ukingo wa nyuma wa boneti utakwenda kugonga penye kioo.

Sita, kagua boliti za vishikizo, na uone kama boneti imekaa sawa na madige ya pande zote mbili. Ufa wa upande mmoja ukiwa mpana kuliko wa pili, bawaba au bati limekwisha kupinda. Katika magari mengi shokapu huwekwa fimbo ikielekea chini boneti inapofungwa, ili oili ikae juu ya sili na kuilinda.

Saba, jaribu loki na ndoano yake ya pili kabla ya gari kuondoka. Boneti iliyopinda huweza kuonekana imefunga na kumbe imeshikwa na hatua ya kwanza tu.

Na shokapu inapobadilishwa, hubadilishwa jozi, yenye namba moja na iliyokusudiwa gari hilo. Iliyokufa isichomelewe, isitobolewe wala isitupwe motoni, kwani hewa iliyomo yaweza kupasuka na kujeruhi mtu. Mkunjo wa bati nao hunyooshwa na fundi bodi baada ya shokapu kutolewa. Kuupaka puti na rangi huku sababu ikiwa bado ipo ni kumvalisha mgonjwa kanzu mpya.

Gari letu lilitengenezwaje? Fundi hakuuza kitu. Aliinyoosha bawaba, akalirudisha bati kadiri lilivyokubali, akaziweka shokapu mbili ndani ya gunia, akamwuliza dereva ilipo fimbo ya asili. Ilikuwa chini ya kiti, imefungwa kwa gazeti. Akairudisha mahali pake, akatoboa tundu dogo kwenye ncha yake na kutia pini ya kuizuia isichomoke. Juu ya mwera alisema maneno machache tu: “Ukiegesha ziwani, kaka, upe upepo mgongo wa gari.” Upepo ukitoka mbele huingia chini ya boneti na kuinyanyua, ukitoka nyuma huilaza juu ya fimbo yake. Dawa ya bega la dereva ilikuwa ni kuligeuza gari.

Visiwani kwetu

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kwamba haya ni ya milimani. Ziwa Nyasa ni la maji matamu. Sisi tumezungukwa na chumvi. Magari mengi yanayoingia visiwani huja yakiwa yametumika Japani kwa miaka mingi, na shokapu zake ni za umri huo huo. Chumvi ya hewani, na ile inayorushwa na mawimbi gari linapovushwa kwa meli, hula ung'avu wa fimbo mpaka ikawa na vishimo kama uso wa mwenye ndui. Kila boneti inapofunguliwa vishimo hivyo huikata sili. Mara nyingi upande mmoja hutangulia kuvuja, nao wa pili ukabaki na nguvu zake, na mwenye gari, kwa kubana matumizi, hununua moja tu, mpya na yenye nguvu kuliko zote. Amekwisha kufanya kile kile kilichofanywa Mbinga: mpagazi dhaifu na pandikizi la mtu chini ya mzigo mmoja.

Dawa ya kwanza ni nyepesi. Baada ya kuvuka, kila fimbo ifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Neno kwa wenye kutia saini

Tumebakiza jambo moja, na ndilo lililotufanya tuandike. Jioni ile Mbinga, tukingoja gari litengenezwe, tulimwomba dereva daftari la safari. Tulitaka kuona tu lini shokapu zilifungwa. Tulikuta ameandika, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma kwa taabu, kwamba boneti ni ngumu. Ameandika hivyo mara tatu, katika miezi mitatu. Chini ya kila ukurasa palikuwa na saini ya mkubwa wake, na muhuri. Tulimwuliza alijibiwa nini. Akasema mara ya kwanza hakujibiwa, na mara ya pili aliambiwa aibonyeze vizuri. Mara ya tatu aliandika tu, kwa kuwa ndiyo kanuni.

Hatumlaumu mkubwa yule peke yake. Sisi nasi tumetia saini madaftari mengi katika maisha yetu, na hatuwezi kuapa kwamba tuliyasoma. Katika miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na magari yakalala kwa kukosa spea, taifa lilijifunza kuunga kifaa cha gari moja kwenye gari jingine. Ubunifu ule ulitufaa, na waliouonyesha wanastahiki heshima. Lakini ulikuwa ni wa lazima, na siku hizi umekuwa mazoea. Duka la spea liko wazi, namba imeandikwa juu ya kifaa, na bado tunachukua kilicho karibu, kisha tunamwambia dereva abonyeze.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fungu jipya la fedha. Mosi, gari la umma lisiongezewe kifaa ambacho halikuundwa nacho mpaka fundi mwenye dhamana aandike kwamba amelipima. Bara uko wakala wa Serikali wa TEMESA kwa matengenezo ya magari ya umma, na Zanzibar zipo karakana za Serikali. Pili, hati ya kununulia shokapu itaje namba ya nguvu, urefu na jozi, siyo maneno “shokapu mbili”. Tatu, vyuo vya ufundi, na VETA iko hadi Songea, viwafundishe madereva wa Serikali ukaguzi huu mdogo, kwa kuwa dereva ndiye wa kwanza kusikia. Nne, kila anayetia saini daftari la safari aandike pembeni yake jibu la neno moja juu ya kila lawama iliyoandikwa: imetazamwa, au haijatazamwa. Asiyeweza kuandika neno hilo asitie saini.

Siku ya kuondoka tulipita katika mashamba ya Wamatengo. Wao hulima juu ya miteremko ambayo mgeni angedhani hata mbuzi asingesimama. Hawapigani na mlima. Huchimba mashimo ya ngoro, safu juu ya safu, mvua ikinyesha maji yakapata mahali pa kutua, na udongo ukabaki shambani. Wamefanya hivyo kwa vizazi na vizazi, kwa kuwa waliuuliza mlima kwanza maji yake yanataka kwenda wapi.

Gari lile sasa linapanda na kuteremka likiwa na mkunjo wake, kwani bati lililokwisha kupinda halirudi kuwa lile la kwanza. Dereva ametuambia hataki upakwe rangi. Anasema kila mkubwa mpya akipanda atauliza, naye atapata nafasi ya kueleza.